Kuitafuta Drive-In ya Msasani: ya kujua kabla hujawauliza wazee

Dar es Salaam iliwahi kuwa na sinema ya magari, Drive-In, uwanja wa wazi ambako watu walitazama filamu wakiwa na magari yao. Ilifunguliwa Msasani mwaka 1966, serikali ikiwa na mkono wake katika mradi huo, kabla hata ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Leo hakuna tuta wala nguzo ya spika. Kiwanja chake kando ya Barabara ya Old Bagamoyo ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo mwaka 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Anayekwenda kutafuta mabaki atakutana na ukuta, kamera na walinzi. Na akitoa simu apige picha, atazuiwa. Hilo lijue kabla hujapanda daladala.

Maelezo haya ni kwa yeyote anayetaka kukusanya historia ya sinema hiyo au nyingine iliyofutika namna hiyo: wanafunzi, familia zinazotaka kuhifadhi habari za wazee wao, vikundi vya mitaa. Kazi yenyewe haihitaji mtaji mkubwa, lakini inakula muda na bando, na mara nyingi huharibika siku ya kwanza kwa swali moja: "Mzee, unakumbuka nini kuhusu Drive-In?" Jibu lake linajulikana. "Aa, zamani palikuwa pazuri sana mwanangu." Baada ya hapo mtazunguka humohumo mpaka chai ipoe.

Dawa yake ni kujifunza kwanza sinema ile ilifanyaje kazi. Ukijua mtambo na uwanja, utauliza maswali yenye mshiko, na utatambua lipi limekumbukwa na lipi limechukuliwa kwenye filamu za Kimarekani.

Uwanja na matuta

Wazo lilitoka New Jersey, Marekani. Richard Hollingshead alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Mei 1933, na tarehe 6 Juni mwaka huohuo akafungua sinema ya kwanza ya magari karibu na mji wa Camden, ikiwa na nafasi ya magari 400 hivi. Pazia hakuvumbua yeye, wala projekta. Alichovumbua ni namna ya kulipanga gari. Uwanja ulichongwa matuta yaliyopinda, yote yakilizunguka pazia. Gari lilipanda tuta kwa magurudumu ya mbele, pua ikainuka, na waliokaa ndani wakaona juu ya paa la gari lililo mbele yao. Nyuma ya kila tuta iliachwa njia, ili anayetaka kutoka katikati ya onyesho asisumbue safu nzima.

Kwa vipimo vilivyozoeleka, kutoka tuta hadi tuta ni mita 12 hivi, na kutoka nguzo ya spika hadi nguzo ni mita 6 kasoro kidogo. Kati ya nguzo mbili yaliingia magari mawili. Kila nguzo ilibeba spika mbili, moja ya gari la kulia na moja ya gari la kushoto. Shika hesabu hii vizuri maana tutairudia.

Chumba cha projekta kwa kawaida hakikuwekwa nyuma kabisa kama kwenye majumba ya mjini. Kilikaa katikati ya uwanja, kifupi, na miale ya mwanga ikapita juu ya mapaa. Kwa hiyo gari refu halikuruhusiwa mbele, na mtu aliyesimama juu ya boneti mahali pasipofaa kivuli chake kilionekana pazia zima. Jengo hilohilo mara nyingi ndilo lilikuwa na duka la vinywaji na vyoo. Ukimuuliza mzee "mlinunua wapi soda?" unamsaidia pia kukuonyesha projekta ilikuwa wapi, hata kama yeye hakuwahi kuiona.

Pazia lilikuwa mnara: kiunzi kirefu kilichobeba uso mweupe usiong'aa, umeinama mbele kidogo kuelekea magari. Muhimu zaidi ni lilikotazama. Likiangalia magharibi, mwanga wa magharibi unaligonga usoni na picha haionekani mpaka giza liingie kabisa. Ndiyo maana wajenzi wengi walipenda liangalie mashariki au kaskazini. Huko Marekani hili ni tatizo kubwa wakati wa kiangazi, jua linapochelewa kuzama. Dar imebahatika: mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni au karibu na hapo, na giza halichelewi. Saa 1 na nusu usiku filamu inaweza kuanza, iwe Juni au Januari. Kwa hiyo mwulize mzee: "Mkifika mapema, jua lilikuwa linazama nyuma ya pazia au nyuma ya gari?" Wengi waliokuwa watoto wakati huo hujibu bila kusita, kwa sababu ama walikunja macho ama hawakukunja. Majibu manne yakilingana, umeshajua pazia lilielekea wapi hata bila ramani.

Spika

Sinema ya kwanza ya Camden ilitumia vipaza sauti vikubwa vilivyowekwa kwenye pazia. Ikaleta balaa mara mbili. Majirani walilalamika, na waliokuwa nyuma walisikia maneno yamechelewa, kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 150 kutoka kwenye pazia, mdomo wa mwigizaji unatangulia sauti kwa karibu nusu sekunde. Suluhisho lilikuwa spika ndogo ya kila gari, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili.

Spika hiyo ni kisanduku cha chuma chepesi chenye kulabu ya kuning'inizia kwenye kioo cha dirisha kilichoshushwa kidogo. Ndani mna koni ya karatasi yenye upana wa inchi 4 hivi, nje kuna kitufe kimoja cha kuongeza na kupunguza sauti. Waya wake unaingia kwenye kisanduku cha maungio kilicho juu ya nguzo, na kutoka hapo nyaya zinapita chini ya ardhi hadi kwenye amplifaya chumbani kwa projekta. Umeme wa sauti ulitoka huko, haukutoka kwenye betri ya gari.

Kwa hiyo mtu akikuambia Msasani walisikiliza kwa redio ya gari, mwulize tena polepole. Utaratibu wa kurusha sauti kwa masafa ya redio ulikuja baadaye sana huko Marekani, na huenda anachanganya na alichokiona akiwa Toronto au Houston. Usimwambie kwamba amekosea. Mwulize tu, "Kile cha kuning'iniza dirishani hakikuwepo?" Mara nyingi uso utabadilika, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Sasa ile hesabu ya nguzo. Gari moja kati ya kila mawili lilikuwa na spika upande wa kulia na jingine upande wa kushoto. Dada anaweza kuapa kwamba spika ilikaa dirisha la baba, yaani la dereva, na kaka akaapa kwamba ilikaa dirisha la mama. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa usiku wake. Andika zote. Kosa la kawaida hapa ni mkusanyaji kuwapatanisha ndugu, na matokeo yake ni kumbukumbu ya tatu ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

Spika ndiyo iliyokuwa na adha nyingi kuliko kitu chochote uwanjani. Dereva anasahau, anaondoka nayo, waya unakatika au kioo kinapasuka. Mvua inailowesha koni, ikikauka inakwaruza. Karibu na bahari kama Msasani, chumvi ya hewani inakula maungio ya nyaya. Waya wa chini ya ardhi ukigusana mahali pamoja, safu nzima inanyamaza, ndiyo maana sinema zilizojengwa vizuri zilitenga kila tuta kwa fyuzi yake. Waliofanya kazi uwanjani watakueleza kwamba kazi ya asubuhi ilikuwa kutembea nguzo hadi nguzo wakijaribu spika moja moja. Waliokuja kama wateja hawalijui hilo. Watakachokumbuka ni kuhama tuta kwa sababu spika ilikuwa mbovu.

Jambo jingine linalotokana na spika hizo: aliyechungulia kutoka nje ya uzio aliona picha bila maneno. Alichosikia ni mnong'ono wa mamia ya visanduku kwa pamoja. Akikupa mazungumzo ya filamu neno kwa neno, mwulize alikuwa wapi hasa, au kama aliiona tena kwenye majumba ya sinema ya mjini, Empire au Avalon.

Mvua, betri na mbu

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hazikufuta onyesho moja kwa moja. Zililigeuza kuwa jaribio la betri. Injini imezimwa, waipa zinafanya kazi, mara taa inawashwa kumtafutia mtoto kiatu. Volkswagen Beetle za zamani zilikuwa na betri ya volti 6, na saa mbili za waipa zingeweza kuimaliza iliyochoka. Mwisho wa filamu gari linasukumwa. Uliza: "Mliwahi kusukuma?" Hili swali dogo huleta majina ya jirani waliosaidia kusukuma, na jirani hao ndio watu wako wa kuwahoji baada ya hapo.

Siku zisizo na mvua, familia nyingi hazikukaa ndani ya gari kabisa. Mikeka ilitandikwa chini, chakula kikatoka kwenye vyombo, watoto wakakimbia huku na kule kabla giza halijaingia, na filamu ikawa sehemu tu ya jioni. Hapa ndipo sinema ya Dar ilipoachana na picha tunayoiona kwenye filamu za Kimarekani, ya wachumba wawili ndani ya gari lisilo na paa. Mzee akikuletea hiyo picha ya wachumba, inaweza kuwa kweli yake, lakini uliza walikula nini. Anayekumbuka chakula alikuwepo. Uliza na mbu walifukuzwaje, maana hakuna aliyekaa chini Msasani usiku bila kupambana nao.

Chumba cha projekta

Ukibahatika kumpata aliyewahi kuendesha projekta, acha mengine yote umfuate huyo. Opereta aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1966 alizaliwa 1941, umri huo unauona mwenyewe.

Nenda ukiwa na hesabu kichwani. Filamu ya milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde, sawa na futi 90 kwa dakika. Rili, yaani gurudumu la mkanda, ya futi 2,000 inamalizika kwa dakika 22 hivi. Filamu ya Kihindi ya saa mbili na nusu ina urefu wa futi 13,500, yaani rili saba. Projekta ni mbili, rili zinapokezana. Karibu na mwisho wa kila rili kuna alama ndogo ya duara pembeni juu kulia mwa picha: ya kwanza kama sekunde 8 kabla, opereta awashe mota ya projekta ya pili, na nyingine sekunde 1 kabla, abadilishe. Akisinzia, pazia linabaki jeupe na uwanja mzima unapiga honi.

Mwanga wa sinema za miaka hiyo kwa kawaida ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni, chanya na hasi, vilivyogusishwa kisha vikaachanishwa kidogo, umeme ukawaka katikati yao. Vijiti viliungua vikafupika, na nafasi kati yao ilibidi irekebishwe mfululizo. Ikizidi, picha inakuwa ya manjano, inafifia, mwishowe inazimika. Pazia la nje ni kubwa kuliko la ndani ya jengo na usiku wenyewe hauna giza totoro, kwa hiyo sinema ya magari ilihitaji mwanga mkali kuliko ya mjini, na ikala vijiti zaidi. Vijiti hivyo viliagizwa nje. Swali la kumuuliza opereta ni hili: "Vijiti vilipoadimika mlifanyaje?" Jibu lake lina uchumi wa nchi ndani yake. Mruhusu pia aonyeshe kwa mikono. Wengi hushindwa kueleza kwa maneno jinsi ya kupachika mkanda, lakini mikono bado inajua, na hapo video ina faida kuliko sauti peke yake.

Kuweka mwaka

Watu hukumbuka tukio, mwaka wanaukisia. Mwaka filamu ilipotoka hautoshi: unakuambia tu kwamba onyesho halikuwa kabla ya hapo. Mikanda ilichelewa kufika, ikarudiwa miaka na miaka. Wanafunzi wengi hupenda kuanza na majina ya filamu kwa sababu yanatafutika kwenye intaneti kwa sekunde mbili. Yaache kwanza.

Gari linasaidia zaidi. Peugeot 504 ilitoka 1968, kwa hiyo kumbukumbu yenye 504 haiwezi kuwa ya 1967. Fedha nayo inasaidia kidogo: shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966, ingawa sarafu za Afrika Mashariki hazikupotea siku hiyohiyo.

Kigingi kizuri kuliko vyote ni Jumapili. Miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei na fedha za kigeni kuadimika, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Hebu fikiria maana yake kwa sinema ambayo huingii bila gari, na siku ambayo familia ziko huru ni Jumapili. Karibu kila aliyekuwa Dar wakati huo anaukumbuka uzito wa marufuku ile. Uliza: "Mlikuwa mkienda siku gani? Na baadaye je?" Akijibu Jumapili, yuko kabla ya marufuku. Akianza na Jumapili kisha akahamia Jumamosi, umepata mstari wa kugawia kumbukumbu zake zote.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoanzishwa 1968, ilikuja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilimaliza fedha za kigeni zilizobaki, na mafuta, vipuri na mikanda vikawa vya kugombaniwa. Miaka ya 1980 video ziliingia majumbani, na mwaka 1994 televisheni zikaanza kurusha matangazo Bara. Kiwanja kikubwa, karibu na Oysterbay, kinachotumika saa chache za usiku tu, hakina maisha marefu ardhi inapopanda bei. Sinema nyingi za magari duniani zimekufa hivyohivyo. Ukimsikia mtu anasema "video ndiyo iliyoiua", andika, lakini mwulize na mafuta.

Karatasi na picha za angani

Matangazo ya sinema gazetini ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Tafuta Tanganyika Standard, baadaye The Standard, ambalo mwaka 1972 liliunganishwa na The Nationalist likawa Daily News. Kwa Kiswahili kuna Uhuru na Ngurumo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, ndipo pa kuanzia. Nenda na barua ya utambulisho. Asiye raia anahitaji kwanza kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hicho kinachukua muda na pesa, usikate tiketi ya ndege kabla hujakipata.

Usisome kila siku. Utachoka na macho yataanza kuruka matangazo. Soma wiki moja kila baada ya miezi mitatu: saa ya kuanza, siku za maonyesho, idadi ya maonyesho kwa usiku. Ukiona kitu kimebadilika, rudi katikati ya vipindi hivyo viwili, kisha katikati tena, mpaka uipate wiki yenyewe. Miaka ishirini inapitika kwa siku chache tu kwa njia hii. Piga picha ukurasa mzima pamoja na tarehe yake, usikate tangazo peke yake. Nusu ya picha tunazoletewa hazina tarehe, na tangazo lisilo na tarehe ni pambo.

Kwa picha za angani kuna hazina ambayo wengi hawaijui. Satelaiti za kijasusi za Marekani, CORONA kati ya 1960 na 1972, na HEXAGON kuanzia 1971 hadi 1984, zilipiga picha sehemu kubwa ya dunia, na picha hizo zimefunguliwa kwa umma. Zinapatikana kwenye tovuti ya EarthExplorer ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS. Weka nyuzi 6 na dakika 47 kusini, nyuzi 39 na dakika 16 mashariki. Picha ambazo tayari zimeskaniwa ni bure. Ambazo bado, fremu moja ni dola 30, na ndiyo gharama moja kubwa ambayo huwezi kuikwepa kwa ujanja. Kabla ya kulipa, kuza ile picha ndogo ya onyesho uone kama Dar haijafunikwa na mawingu, maana pwani yetu hufunikwa mara nyingi. CORONA nzuri kabisa zinaonyesha kitu cha mita 2 hivi. Spika hutaiona, lakini matuta utayaona: umbo la ungo uliokatwa nusu, mistari imepinda yote kuelekea upande mmoja. Ukilipata umbo hilo, chapisha nakala kubwa ya A3 uende nayo kwa wazee. Picha za zamani za Google Earth zisikupotezee muda kwa Msasani, kwa sababu zinaanza matuta yakiwa yameshaondolewa.

Albamu za familia zitakukatisha tamaa kidogo. Sinema ni usiku, na kamera za nyumbani za wakati ule hazikupenda giza. Zilizopo zilipigwa jioni, watu wamesimama mbele ya gari. Usiangalie watu, angalia nyuma yao: nguzo, ukingo wa pazia, mteremko wa tuta. Usiombe kuondoka na albamu. Ipigie picha palepale, mezani, karibu na dirisha, flashi imezimwa. Kama una skana ndogo, dpi 600 inatosha kwa picha iliyochapishwa, na negativu inahitaji 2400 au zaidi. Picha iliyogandia kwenye albamu ya gundi usiibandue, piga ukurasa mzima ulivyo.

Kuongea na watu

Salamu kwanza, na zikamilike. Shikamoo, habari za afya, habari za watoto, pole ya mguu au ya msiba kama upo. Kinasa sauti kitoke baada ya kuomba ruhusa, siyo kabla. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni, kwa sababu ikipigwa katikati ya mazungumzo kurekodi kunaweza kukatika bila wewe kujua. Ilaze juu ya kitambaa, ili meza isilete mtetemo. Feni ya juu ikizimwa unapata sauti safi, lakini bibi wa miaka 80 hazimiwi feni mwezi wa Februari: sogeza simu karibu naye badala yake. Kunguru wa Dar hawana dawa. Jaribu sekunde 30, sikiliza, ndipo muanze.

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuandikwa. Programu za kuandika zenyewe bado zinababaika, hasa mzungumzaji anapochanganya Kiswahili na Kigujarati au Kiingereza. Panga muda huo tangu mwanzo, la sivyo utakuwa na mafaili arobaini yasiyosikilizwa na mtu.

Wengi waliokuwa wateja wa Drive-In ni familia za Kihindi ambazo leo ziko Toronto, Vancouver, London na Leicester. Toronto iko nyuma yetu saa 7 au 8 kutegemea msimu, hivyo saa 1 usiku ya Dar ni adhuhuri au saa 5 asubuhi kule, wakati mzuri kwa mzee. Zungumza nao Kiswahili kama wanakitaka. Wengi bado wana Kiswahili cha Dar cha miaka ile, na kwa lugha hiyo wanakumbuka mambo ambayo kwa Kiingereza hayaji. Jiandae pia kwamba mazungumzo yatahama kutoka sinema kwenda nyumba. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na kwa familia nyingi huo ndio mwaka walipoanza kufungasha. Mtu anayesimulia mkeka wa Msasani anaweza kufika hapo bila kutarajia na akanyamaza. Usimvute arudi kwenye spika. Subiri. Akitaka kuacha, acheni, umpigie wiki nyingine kumjulia hali tu.

Upande wa pili kuna wakazi wa Msasani, Kinondoni na Magomeni ambao gari hawakuwa nalo. Baadhi watakuambia waziwazi, kwa uchungu, kwamba pale hapakuwa pao. Wengine waliingia wamepakizana gari la jamaa, wengine walifanya kazi: kukata tiketi, kuelekeza magari kwa tochi, kufyeka nyasi, kuuza karanga nje ya lango. Kama mahojiano yako yote ni ya waliokaa ndani ya magari, bado hujaifikia sinema hiyo. Wafanyakazi hawamo gazetini wala kwenye albamu. Wanapatikana kwa kuuliza mtaani, vijiweni, na msikitini baada ya swala ya alasiri.

Kwa wa Nairobi: sinema za magari zilikuwa angalau mbili, Belle Vue ya Mombasa Road na Fox ya Thika Road, na majina Bellevue na Drive-In yamebaki kwa makondakta wa matatu hadi leo. Wazee huzichanganya kwenye sentensi moja. Swali la kwanza liwe: "Mlitoka mjini kwa barabara gani?"

Mwisho wa kila mazungumzo mpe mzee karatasi tupu na kalamu kabla hujamwonyesha picha ya angani. Achore lango, pazia, duka la soda, na alikopaki. Ukitanguliza picha ya satelaiti, atachora alichokiona sasa hivi. Akimaliza ndipo ulete ile A3, na umwache abishane nayo kwa sauti huku simu ikirekodi. Andika jina na tarehe kwenye mchoro, upige picha, nakala nzuri umrudishie. Michoro miwili ikigongana, weka yote miwili kwenye bahasha moja pamoja na rekodi zake, na usichore wa tatu.